Mlango Mmoja wa Depo ya Pamba

Najua mtacheka, hata Mama yangu mzazi alicheka mpaka akaushika ukuta, kwa hiyo sitawaomba msicheke. Ila kwa kuwa hapa Uvira kila mtu anaisimulia habari ile anavyotaka (Mulongwe wanasema Papa, baba yangu, alirushwa dirishani na mama mkwe wake, Rugenge wanasema alikuwa anakimbia kodi), afadhali mimi niliyeianzisha niieleze ilivyokuwa, nione haya mara moja, yaishe.

Kwanza mjue kwamba mimi si msemaji. Darasani kwa masista, Sista akiuliza swali ambalo jibu lake ninalo kabisa, naangalia meza mpaka ajibu msichana asiyelijua. Nyumbani ni vilevile: naweka chai mbele ya wageni, nasema karibuni kwa sauti ambayo hata kikombe hakiisikii, natoka. Basi ile sentensi iliyotuponza ndiyo pekee niliyoitamka kwa hiari yangu mbele ya wageni likizo nzima, na hapo ndipo hasira zangu zinapoanzia, maana wenzangu wanasema upuuzi kutwa nzima na hakuna dirisha linalomnasa mtu.

Papa ni munganga, si daktari, ni yule anayepiga sindano na kufunga vidonda pale dispensari, na kwa muda mrefu yeye na wenzake walikuwa na hamu moja: waganga na wakunga weusi wa pande zote za ziwa, sisi wa Kongo, wale wa Usumbura na wale wa Kigoma kwa Waingereza, wakutane siku moja wazungumze juu ya malale, ule ugonjwa wa usingizi, kwa sababu mbung'o anavuka mpaka bila kuulizwa karatasi na munganga anaulizwa. Ajenti wa Teritwari (Mbelgiji kijana, uso mwekundu, anayetembea kama anapima ardhi) alikubali kwa shida. Alisema ni siku moja tu, naye atakuja mwenyewe kuona mkutano unafunguliwa na prezida wake, yaani mwenyekiti, kwa utaratibu. Akikuta fujo au akikuta prezida hayupo, anafunga, wageni wanarudi makwao, na asisikie tena habari ya mkutano. Prezida alikuwa Papa. Hotuba alimsomea Mama, akamsomea mbuzi, akanisomea mimi mpaka nikaijua kwa moyo.

Kilichobaki ni mahali, na mahali ndipo palipotaka kuwagombanisha kabla hata barua hazijatoka.

"Tufanyie kwa mapadri," Papa alisema jioni moja barazani kwetu, "kule kuko sale ya muzuri ya mikutano."

"Kwa mapadri?" Munganga Elisha akaweka kikombe chini. Huyu anafanya kazi kwenye hospitali ya Waprotestanti huko milimani, anavaa miwani, na kila jambo kwake ni siyansi; Papa anamwita kwa jina langu mimi, Papa Yuliana. "Papa Yuliana, minye nikionekana mule, Jumapili pasta ananitoa mu kanisa. Mukuje kwetu."

"Kwenu hakuna pombe, hakuna tumbako."

"Munakuja kwa malale ao munakuja kunywa?"

"Tunakuja siku muzima, Elisha!"

Wakataja baa ya Rugenge, lakini wakunga ni wanawake wa heshima, nani angemruhusu mkewe akakae kule mchana kweupe? Wakataja Usumbura, lakini karatasi za kuvuka daraja la Ruzizi zingewachelewesha mpaka malale yaishe yenyewe. Mtu akataja klabu ya Wazungu, wakacheka wote pamoja kicheko kibaya, maana mule sisi tunaingia tukiwa na sinia mkononi. Na mkubwa wa wale wa Kigoma, Mzee Shabani, alikuwa ametuma neno kwamba mguu wake mmoja ni mbovu tangu utoto na ngazi haziwezi, tena yeye ni Mwislamu, anaomba pahali ambapo anaweza kuswali bila kuzungukwa na sanamu.

Mimi nilikuwa nakusanya vikombe. Sijui nini kilinipata. Nikasema, "Na depo ya pamba?"

Wakanigeukia wote. Nikaeleza (Mungu wangu, nilieleza!) kwamba depo ile ya Mulongwe ni tupu mpaka mavuno, kwamba sakafu yake iko sawa na ardhi kwa sababu marobota huviringishwa, kwa hiyo hakuna ngazi, hakuna msalaba, hakuna pombe wala hakuna anayekataza pombe, na haina dini yoyote isipokuwa pamba.

"Huyu mutoto!" Munganga Elisha akapiga paja. "Papa Yuliana, huyu usimuoze haraka!"

Ndipo kichwa changu kikavimba. Tangu siku hiyo Papa hakufanya jambo la mkutano bila kuniuliza, na mimi nikaanza kutembea kama Ajenti, napima. Bwana wa pamba akatuachia depo kwa sharti tuifagie, nikaifagia, nikapanga viti, nikatandika kitambaa cha Mama juu ya meza ya prezida. Sasa, depo ile ina milango miwili: mkubwa wa mbele unaotazama barabara, na mdogo wa nyuma unaotazama ziwa, kule ambako kina mama wanaanika ndagaa. Mnalijua lile duka la mjini ambalo Wazungu wanaingia kwa mbele na sisi tunauziwa kwenye kidirisha cha pembeni. Nimesimama kwenye kidirisha kile tangu nikiwa mdogo, na chupa yangu ya mafuta, na nikajiambia: katika mkutano wetu hakuna mtu atakayezungushwa nyuma, mkunga na munganga, Mkatoliki na Mwislamu, wote watapita mlango mmoja. Nikamwomba mlinzi apange magunia ya mbegu za pamba mbele ya ule mlango mdogo, akayapanga mpaka juu.

"Na ile mulango?" Papa aliuliza alipokuja kukagua.

"Nimeufunga, Papa. Wote watapita mlango mmoja."

Akaniangalia kwa muda, akasema kwa sauti ya chini, "Mutoto wa minye." Siku hiyo furaha ilinishibisha, sikula kitu.

Siku yenyewe ilianza vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Papa alikuwa ndani tangu asubuhi, suruali nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata, anapitia hotuba yake pale mbele. Mzee Shabani akafika na fimbo yake, akaangalia sakafu, akasema, "Mashaallah, aliyechagua hapa ana utu," nikajificha nyuma ya mizani ya pamba kwa haya na raha. Kisha loori ya Usumbura ikasimama barabarani. Tulikuwa tunamtarajia mkunga mmoja kijana aliyeandikiana na Papa. Kumbe asubuhi hiyo mkunga yule alishikwa na mzazi mwenye uchungu mgumu, hakuweza kumwacha, na masista wakamtuma mkunga mwingine, yule mkubwa kuliko wote, anayeheshimiwa Usumbura nzima.

Akashuka na mwavuli wake. Alikuwa Bibi yangu, mama yake Mama.

Sasa niwaeleze ninyi ambao kwenu si hivi. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso, hawakai nyumba moja, hawali mahali pamoja, na wala si kwa ugomvi, ni heshima, tena kadiri mnavyopendana ndivyo mnavyokimbiana. Bibi akija kututembelea, Papa anakohoa tangu njiani, naye Bibi anaingia jikoni mpaka apite. Chakula anachopika Bibi, Papa hukisifu akiuelekea ukuta ili Bibi asikie upande wa pili. Wameishi hivyo tangu Mama aolewe bila neno baya hata moja.

Bibi akafika mlangoni, akainua macho, akamwona mkwewe. Khanga ikapanda kichwani, mwili ukageuka, akasimama palepale akiangalia barabara. Papa naye akageuka kama aliyepigwa na upepo, akatia uso ukutani. Na nyuma ya Bibi wajumbe wote wa Usumbura wakasimama, maana nani atampita mama mkubwa namna ile mlangoni? Papa hawezi kutoka kwa sababu Bibi yuko mlangoni, Bibi hawezi kuingia kwa sababu Papa yuko ndani, na hawezi kuondoka kwa sababu ametumwa, ripoti ya wakunga wote wa Usumbura iko kichwani mwake.

"Yuliana," Bibi akasema, akiiambia barabara, "mwambie baba yako sikujua. Nimetumwa na masista."

"Yuliana," Papa akauambia ukuta, "ambia bibi yako aingie, hii sale ni ya yeye. Minye njo nitatoka."

"Mwambie asitoke, mkutano ni wake."

"Umuambie jua inamuchoma."

"Mwambie jua nimelizoea."

Na kila neno ilibidi nilibebe mimi, kutoka mlangoni hadi ukutani na kurudi, mbele ya watu wote, ingawa waliachana kiasi cha mkeka mmoja tu na kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kuliko mimi!

Munganga Elisha akavua miwani. "Haya ni mambo ya giza," akasema. "Sisi ni batu ya siyansi. Papa Yuliana, geuka!"

"Na wewe bwana," Mzee Shabani akamwuliza taratibu, "mkweo unakula naye?"

"Minye? Wangu iko mbali, kule milimani."

"Sikukuuliza yuko wapi. Nimekuuliza, unakula naye?"

Elisha akaanza kuipangusa miwani kwa nguvu. Watu wakacheka, hata wale waliokuwa juani, kisha mmoja akasema lile neno ambalo nilikuwa naliogopa. "Si mutu atoke kwa mulango ya nyuma? Papa Yuliana atoke nyuma, mama aingie mbele, wamoja bakae huku, wengine kule, kwisha."

"Nyuma kumefungwa," mwingine akajibu. "Magunia mpaka juu."

"Nani alifunga?"

Papa, mwenye uso ukutani, hakunitaja, na afadhali angenitaja, maana sikio lake tu, lilivyogeukia kwangu, lilitosha kunishtaki. Vijana wakaanza kuyashusha yale magunia (mbegu za pamba ni nzito, jamani, msidharau), na wakiwa bado kwenye safu ya juu tukasikia gari la Ajenti linavuka daraja la Mulongwe.

Papa akaangalia dirisha. Madirisha ya depo ni ya juu kwa ajili ya wezi. Akapanda juu ya mizani ya pamba, mizani ikayumba, akashika ukingo, akajivuta, kichwa kikatoka, mabega yakatoka, kisha akanasa. Sisi wa ndani tukawa tunatazama ile suruali nyeupe ikipiga teke hewani, prezida wa mkutano wa nchi tatu, nusu yake iko nasi, nusu iko ziwani, na mimi nikamwomba Mungu anichukue, nikaona anakawia. Mzee Shabani akasukuma mguu mmoja kwa fimbo yake. Papa akatoka kama kizibo.

Nje zikapigwa kelele. "Ndagaa zetu! Weye munganga, umelewa na asubuhi hii?" Halafu sauti nyingine: "Amevunjika! Amevunjika mukono!"

Hapo wakakimbia wote. Sijawahi kuona mtu anaumia mahali penye bahati kama pale: waganga na wakunga wa Kongo, Urundi na Kigoma walitoka kwa ule mlango mmoja, wakazunguka depo, wakamwangukia. Bibi naye, alipoona ndani hamna mkwe, akaingia zake kivulini, na kwa kuwa alikuwa amechoka akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona, na kiti hicho kilikuwa cha prezida.

Ajenti akaingia. Akaona depo tupu, mwanamke mzee mwenye mwavuli amekaa kwenye meza yenye kitambaa cha Mama, na msichana mmoja anayetamani kuwa gunia.

"Mkutano uko wapi?" akaniuliza kwa Kifaransa.

Kifaransa ninakijua. Nimepata zawadi kwa Kifaransa. Kilichonitoka kilikuwa, "Uko dirishani, Monsieur."

Akaenda dirishani, akapanda juu ya mizani, akachungulia. Kule chini kila mmoja alikuwa amemshika Papa kipande chake, Elisha anataka ubao, mkunga mmoja anataka maji ya baridi, Mzee Shabani amefika na fimbo anasema kwao Kigoma mkono haufungwi hivyo, na Papa, mgongo ukiwa juu ya ndagaa, analia, "Muniache, ni mushipa tu, muniache, Ajenti amefika!" Uso wa Ajenti ukazidi wekundu. Akanigeukia, akasema prezida afungue mkutano sasa hivi au yeye anakwenda, na tunajua maana ya yeye kwenda.

Papa alisikia. Akapanda juu ya kichanja cha ndagaa kilichokuwa chini ya dirisha, kichwa na kifua vinaonekana, ndagaa mbili zimeshika nyweleni, mkono umefungwa kwa khanga ya mtu. Na kwa kuwa Bibi alikuwa ndani, akaligeukia ziwa. Hotuba aliyomsomea mbuzi akaihutubia Tanganyika. Sauti ikaenda na upepo. Wajumbe walikuwa wamerudi kwenye viti, hawasikii kitu, Ajenti hasikii kitu, basi nani arudie kila sentensi kwa Kiswahili na tena kwa Kifaransa, kama si yule ambaye wote wanajua hawezi hata kuomba chumvi mezani? Nilisimama chini ya dirisha kwa ndani, nikasema. Wakasema ongeza sauti. Nikaongeza.

Mkutano ukafunguliwa. Ningeomba uishie hapo, lakini Papa akasema jambo la mwisho, kwamba wanawake wakatazwe kuteka maji kwenye vichaka vya mto, maana mbung'o wako kule.

"Yuliana," Bibi akasema, "mwambie Prezida nimemsikia. Mwulize, mzazi nitamwosha na nini? Na maneno?"

Nikampelekea. Papa akaliambia ziwa kwamba visima vitachimbwa. Bibi akasema mwulize vitachimbwa na nani, na lini, na mzazi wa leo jioni angoje? Papa akasema mwambie vichaka vifyekwe kwanza. Bibi akasema mwambie basi wafyeke wanaume, wanawake wameshika ndoo. Kina mama wa ndagaa kule nje wakapiga vigelegele, Elisha akaandika mbio, watu wakaanza kusogea mbele kwenye viti, maana huo sasa ulikuwa mkutano kweli, na hao wawili, ambao hawakupata kubishana tangu Mama aolewe, walikuwa wamepata ladha yake, wakawa hawaningoji tena, mwambie inagongana na mwambie, mwulize inapanda juu ya mwulize, Ajenti ananigusa bega anataka Kifaransa chake, na mimi nimesimama katikati kinywa wazi sijui niugeuze upande gani.

"Minye siko mlango!" nilipiga kelele, yaani mimi si mlango wa kupitishia maneno. "Ambianeni wenyewe!"

Ajenti akauondoa mkono wake begani mwangu.

"Yuliana, funga kinywa!"

Ilitoka dirishani na ilitoka kwenye kiti cha prezida, neno kwa neno, kwa wakati mmoja, kwa sauti moja. Kisha kila mmoja akashtukia alichofanya; Bibi akajifunika khanga mpaka puani, Papa akainama kama anatafuta kitu ndani ya ndagaa. Mzee Shabani ndiye aliyeanza, alicheka akailaza fimbo chini, na baada yake hakubaki mtu.

Ajenti hakucheka. Aliniuliza wamesema nini.

"Wameniambia ninyamaze, Monsieur."

Akatazama dirishani, akatazama kiti, akavaa kofia yake. Akasema haoni siasa hapa, anaona familia, na tuendelee mpaka jioni bila yeye. Gari likaondoka. Nilikaa chini sakafuni palepale, nikalia, na hakuna aliyeniona kwa sababu walikuwa wanabishana kuhusu visima.

Waliendelea mpaka jua likatua, magunia yakaisha kushushwa, ule mlango mdogo ukafunguliwa, Papa akaendesha mkutano akiwa nje ameupa mlango mgongo, na kina mama wa ndagaa wakaingia wakitaka fidia, wakabaki wakidai visima. Walikubaliana mambo mengi. Mtayasikia kwa watu wenye raha ya kuyasimulia. Mimi ninachosikia ni watoto wa Mulongwe, nikipita wanaimba, "Minye siko mlango!" na kuna wazee wawili wanaoitikia, "Yuliana, funga kinywa!"

Sasa wanataka kukutana tena, safari hii Kigoma, na Mzee Shabani ametuma salamu kwamba yule binti aliyechagua depo atangulie aangalie mahali. Papa aliniletea salamu hizo jikoni, mkono bado umefungwa, anacheka kwa pembeni. Nimemwambia Papa haendi mtu. Nimeapa kwa Bikira Maria sitawachagulia watu pahali pa kukaa maisha yangu yote, hata pa kula karanga. Na ninyi mtakaochagua, msijisumbue kama nilivyojisumbua na ngazi na sanamu na sakafu. Kaeni kwanza na mama mmoja wa mtaani mwenye maneno mengi, mumwulize nani mkwe wa nani.